Mashine ya Kurwa na Ugonjwa Unaovaa Viatu

9 Februari

Kwako Doto,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Goti langu la kushoto linauma mvua ikikaribia na la kulia linauma mvua ikiisha, kwa hiyo majirani hawasikilizi tena utabiri wa redioni, wananiangalia mimi ninavyopanda ngazi. Mama wa ghorofa ya chini amejifungua salama mtoto wa kiume mwenye sauti ya mpiga mnada. Nilistaafu kufundisha darasa la kwanza nikidhani nimeachana na kelele, kumbe zilikuwa zinatafuta anwani yangu.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Nina mashine ya kuoshea vyombo. Usiulize nimeipata wapi. Imekaa kando ya sinki, nyeupe, inanifika kiunoni. Unapanga vyombo ndani, unatia sabuni yake, unafunga mlango, unabonyeza, unakwenda zako. Ilifanya kazi vizuri miezi michache, kisha ikaota kiburi. Inaosha, lakini maji haitoi. Inafika katikati ya safari, inawasha taa nyekundu na kugoma. Nikifungua mlango nakuta sahani zimesimama kwenye dimbwi la maji machafu yenye mafuta juu. Nayachota kwa kikombe, nayatia ndoo, nayamwaga, kisha naosha vyombo vyote upya kwa mkono. Yaani nina mashine ya kuniongezea kazi.

Wewe ni dobi. Umelala na kuamka na mashine za kufulia mashuka ya hospitali tangu binti yangu Kitinda ana meno ya utotoni. Najua vyombo si mashuka, ila maji ni maji. Niambie nianzie wapi.

Yale uliyoniambia kwenye simu mwaka jana, na ule ujumbe wako uliofuata, nimeyaweka kando. Sijayasahau. Nimeyaweka kando mahali ninapoyaona.

Ni mimi dada yako mkubwa, kwa robo saa na kwa akili,
Kurwa

27 Februari

Dada Kurwa,

Shikamoo, maana najua usipoipata barua huisomi. Mimi mzima. Kazi ya udobi inaendelea. Wale wasichana wangu wawili wa kupiga pasi wamenunua redio, nami nimewaruhusu kwa sharti kwamba wasinibugudhi nayo. Muuguzi mkuu bado analeta mashuka kwa toroli na bado anayahesabu mbele yangu kana kwamba ninayala.

Dada, umeandika kurasa mbili za mashine na magoti, lakini habari za Kitinda hujagusa. Barua yako niliigeuza nyuma na mbele nikitafuta jina lake, nikalikuta kwenye meno ya utotoni. Mwanangu anaendeleaje? Amesharuhusiwa? Mwaka mzima umenyamaza na mimi nimeogopa kuuliza. Niambie tu, lolote lile, nitajikaza.

Kuhusu mashine. Kwanza, chomoa waya ukutani. Narudia kwa sababu nakujua: chomoa waya ukutani. Chota maji yote. Toa ile trei ya chini ya sahani. Katikati ya sakafu ya mashine utaona kitu cha mviringo chenye matundu madogo. Hilo ni chujio. Lizungushe kushoto litanyanyuka. Lisugue na mswaki mkuukuu na sabuni, kisha utie mkono pale lilipokuwa limekaa, utoe utakachokikuta. Usinieleze utakachokikuta, nakula saa hizi.

Naona umenipigia simu mara mbili. Usijisumbue, huku mtandao unakwaruza sana. Na huu ujumbe wa simu unanishinda, vibonyezo vidogo, vidole vyangu vimelowekwa maisha yote. Andika barua. Mwalimu hapaswi kuogopa karatasi.

Mdogo wako mpenzi, na mzuri kuliko wewe,
Doto

20 Machi

Kwako Doto,

Marahaba. Umeuliza habari za Kitinda, nami nilikaa na swali lako siku kadhaa nikijiuliza kama ni utani au ni ubaya. Haya, tuuite utani. Kitinda hajambo. Ana afya, ana mashavu, ana kicheko cha kuudhi. Ule ugonjwa wake haujatoka wala hautatoka. Anaishi nao nyumba moja. Unavaa viatu vikubwa kama mitumbwi na kila Jumapili unavivua mlangoni kwangu, unaingia, unanisalimia kwa adabu na kuniuliza kama kuna kitu cha kubeba. Nilitaka kuuchukia, nikashindwa. Umeridhika sasa? Basi tuache utani huo, maana ulipoanza haukunichekesha.

Sasa nikueleze nilichokikuta, na natumaini unakula. Lile chujio lilikuwa limevaa koti. Unakumbuka ninavyoweka akiba ya chupa za jamu? Huwa naziingiza kwenye mashine na karatasi zake za nje. Karatasi zimebanduka, zimegeuka uji na gundi, zimeziba matundu yote. Chini yake nilikuta punje za wali, kijiti cha meno na kipande cha ufunguo wa kopo la samaki. Nikasugua mpaka likang'aa. Nikarudisha, nikawasha. Maji yakatoka yote, nikapiga makofi peke yangu jikoni kama punguani.

Safari ya pili, dimbwi likarudi. Dogo kuliko la kwanza, lakini dimbwi.

Kwa hiyo nimekupa nusu ya maksi. Fikiri tena.

Halafu juzi nilikupigia na ukapokea. Nilikuuliza unataka nikutumie ile sweta ya kijivu au nimpe jirani. Ukaniambia, "Ndiyo, ndiyo, na huko pia." Ukakata. Sijui ndiyo ipi. Nimempa jirani.

Kurwa

11 Aprili

Dada Kurwa,

Shikamoo. Sweta ile nilikuwa naitaka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Lile la Kitinda kuwa na afya na mashavu limenitoa jiwe kifuani, nikaenda kununua soda nikawanunulia na wale wasichana, wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Lakini sijaelewa hayo mengine. Ugonjwa gani unavaa viatu? Nimecheka kwa sababu umeandika vizuri, ila nilicheka kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo katikati. Siku ile kwenye simu uliniambia analazwa. Nikakupa pole. Wiki kadhaa baadaye nikahangaika na vibonyezo mpaka nikaweza kuandika kwamba nawaombea apone haraka. Kisha ukanyamaza. Nikadhani mabaya. Kama kuna utani hapo, uliufanya wewe, si mimi. Nieleze kwa kirefu, na bila mafumbo.

Mashine sasa. Kama chujio ni safi na maji bado yanabaki, angalia mpira wa kutolea maji. Unatokea nyuma ya mashine na kwenda chini ya sinki. Waliokuja kuisukuma mahali pake huenda waliukunja au wakaubana na ukuta. Vuta mashine taratibu, muombe mtu mwenye mgongo, usivute wewe. Unyooshe. Kisha uufunge ili upande juu, karibu na ubao wa meza, kabla haujashuka kwenye bomba la sinki. Ukilala chini tu, maji machafu ya sinki yanarudi ndani ya mashine kwa mlango wa nyuma.

Ikishindikana, tatizo ni pampu. Na pampu hujulikana kwa sauti. Ikinguruma bila kutoa maji, kuna kitu kimenasa kwenye kifeni chake. Ikikaa kimya, umeme hauifikii au imekufa. Ikisaga, kuna kigae au mfupa.

Usinipigie simu kunisikilizisha, maana nakujua utafanya hivyo. Niandikie sauti. Wewe si ndiye uliyefundisha nusu ya mji ma me mi mo mu? Andika inavyolia, herufi kwa herufi.

Doto

6 Mei

Kwako Doto,

Nimevutiwa mashine na mtu mwenye mgongo, mpira ulikuwa umebanwa kama ulivyosema, tumeunyoosha na kuufunga juu. Hakuna nafuu. Kwa hiyo nakuandikia sauti.

Nimeketi kwenye kigoda mbele yake, daftari magotini. Naiwasha.

Kwanza: shiiii. Maji yanaingia.
Sasa: chwa, chwa, chwa, chwa. Inazungusha na kurusha maji. Inaendelea hivyo, nimepata hata nafasi ya kunywa chai.
Sasa: tk. Kimya kidogo.
Sasa: ng'ooooo, gulu gulu gulu gulu. Nadhani hiyo ndiyo pampu.
Tena shiiii. Tena chwa chwa.
Tena ng'ooooo, gulu gulu, halafu khhh, kama mtu anayemaliza soda kwa mrija.
Sasa: pi, pi, pi. Imemaliza.

Doto, hapa niliweka kalamu chini na kutazama ukuta.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu nilikuwa na mwanafunzi, binti wa seremala. Mtoto mzuri, msafi, mwenye heshima. Nikiuliza, "Umeelewa?" anaitikia kwa kichwa. Wenzake wakicheka, anacheka, ila amechelewa kidogo. Nikimwamuru aandike "mama" anaandika "baba", nikimwambia "paka" anaandika "maka". Muhula mzima nilidhani ni mkaidi. Hata nikamwadhibu. Siku moja nilimwita akiwa ameangalia ukuta, nikamwita tena, nikapiga meza. Hakugeuka. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anasoma midomo yangu, na midomoni mama na baba ni neno moja.

Nimekaa hapa nimeandika gulu gulu kwa ajili ya mtu ambaye angeweza kusikia gulu gulu kwa simu bila gharama yoyote. Nikajiuliza, kwa nini? Nikakumbuka ndiyo ndiyo zako. Nikakumbuka huo mtandao unaokwaruza huko kwako pekee, wakati muuza vitambaa wa mtaa wako huo huo anampigia dada yake hapa jirani kila jioni na tunamsikia mpaka ngazini.

Siku ile sikukuambia analazwa. Nilikuambia anaolewa.

Kitinda aliolewa, Doto. Amevuka arobaini, watu walikuwa wameshamfunga kwenye sanduku na kumwandika "hauzwi", na ghafla akatokea mpima ardhi mmoja, mjane, mpole, mwenye viatu vikubwa. Watu walisema mengi. Nikakupigia wewe kabla ya mtu yeyote, nikiwa nalia kwa furaha, nawe ukanijibu, "Poleni sana. Usilie, atapona." Asubuhi ya harusi simu yangu ikaleta ujumbe: nawaombea apone haraka. Nikaufuta Kitinda asiuone. Kadi sikukutumia, nani humtumia pacha wake kadi? Nikangoja labda utatokea mlangoni. Hukutokea, nikaapa kukunyamazia.

Sasa nakuuliza kama nilivyopaswa kumuuliza yule binti wa seremala tangu wiki ya kwanza. Doto, unasikia?

Kurwa

29 Mei

Dada,

Shikamoo.

Mashine isiyotoa maji haifiki kwenye kengele. Inagoma katikati na taa nyekundu, wewe mwenyewe uliniandikia Februari. Hiyo ya kwako imeingiza maji, imeosha, imetoa, imesuuza, imetoa tena mpaka imefyonza hewa, ikapiga pi pi pi. Mashine yako ni nzima kama ng'ombe. Nadhani ilipona siku ile uliponyoosha mpira.

Kwa nini unanidanganya?

Mpe Kitinda hongera zangu. Mwambie, mwambie tu hivyo.

Lile swali lingine usiniulize tena.

Doto

16 Juni

Kwako Doto,

Marahaba. Umenishika ugoni na mashine yangu mwenyewe. Nakiri. Ilipona siku ile ile mpira uliponyooka, na tangu hapo inaosha kama imetumwa. Ni mkwe wako aliyeivuta, na ni yeye aliyeileta pia, maana Kitinda alipohama aliona aibu kuniachia sinki lenye vyombo na mimi peke yangu. Ndiyo maana sikutaka uulize ilikotoka.

Nilidanganya kwa sababu nakujua. Ningekuandikia "imepona, asante", ungejibu "karibu", na tungekaa kimya mwaka mwingine. Kila mashine ilipougua, barua yako ilikuja. Nikaona bora iendelee kuugua. Mara mbili nilifikiria kuirudishia makaratasi ya jamu.

Sasa na wewe nijibu.

Nilimsomea Kitinda barua zako zote, mbele ya mumewe. Tulipofika kwenye "analazwa" na "anaolewa", mpima ardhi alifikiri kidogo akasema kwamba kwa mtu aliyewahi kuoa hayo maneno hayako mbali sana. Kitinda alimrushia mto. Kisha akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta analia. Akaniambia, "Mama, siku ile yote nilikuwa natazama mlango. Nilidhani mama mdogo ananionea aibu." Nikamwambia mama yako mdogo alikuwa anakuombea upone. Akacheka na machozi humo humo, ikawa fujo, nikamletea kitambaa.

Hatukudai kitu, Doto. Lakini mimi silali vizuri. Unafanya kazi katikati ya mapipa yanayozunguka na presi za mvuke za kunyooshea mashuka. Mtu akikupigia kelele uondoe mkono, itakuwaje?

Kurwa

22 Julai

Dada Kurwa,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Wasichana wamewashia jiko la chai barua nne.

Haya. Sikio la kulia lilianza kuondoka zamani, kwa hatua ndogo ndogo. La kushoto likamfuata mwenzake, kama mimi nilivyokufuata wewe. Miaka yote hiyo kati ya mashine, nani angeshangaa? Mwanzoni nilidhani watu wamezoea kunong'ona. Nikawakasirikia. Kisha nikajifunza. Namwangalia mtu mdomo. Naongea mimi sana ili wasipate nafasi ya kuongea wao. Nikiulizwa nacheka. Ukicheka, watu wanaona umewaelewa, tena wanakupenda. Mashine nazisoma kwa kiganja. Naweka mkono ubavuni mwa pipa najua limefika wapi. Simu tu ndiyo sikuipatia dawa. Simu haina mdomo.

Ulivyolia siku ile nilisikia kilio tu, kilio nilikisikia. Na neno moja refu lenye "a" nyingi. Nikajaza pengo mwenyewe. Ningeweza kusema, "Rudia, sijasikia." Ni maneno mepesi, siku hizi nayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini nilikuwa nimejificha muda mrefu mno, nikaona bora nikupe pole kuliko kukuambia rudia.

Mwezi wa tatu niliacha presi imefunga shuka. Wasichana walipiga kelele, nikadhani wanaimba na redio yao. Shuka likaungua, alama ya kahawia kama ramani. Nilimwambia muuguzi mkuu kwamba waya ulileta shoti. Kazi ya mashuka ya hospitali ndiyo udobi wangu wenyewe. Wakijua dobi wao hasikii, watampa mwingine, na mimi nitakwenda kukaa kwenye kiti cha nani? Chako? Utanifundisha ma me mi mo mu mpaka nife.

Usije huku. Najua umeshafikiria. Usije.

Na kuhusu harusi, nina shuka jipya la pamba, zito, jeupe, nimelitarizi pembeni kwa mkono wangu. Nilianza siku nilipopata barua yako ya Mei. Mwambie Kitinda aniandikie kitanda chao kina upana gani. Asipige simu.

Doto

3 Agosti

Doto,

Tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, mimi, Kitinda na viatu. Usijibu barua hii, haitatukuta.

Upana wa kitanda atakuambia mwenyewe, akikutazama usoni na kutamka polepole. Nimemfanyisha mazoezi.

Kurwa

14 Oktoba

Dada Kurwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeshakusamehe zile saa za basi za Agosti. Shangazi wa mkwe wetu ameniandikia kunishukuru kwa shuka, kwa hiyo naona Kitinda analitembeza mtaa hadi mtaa badala ya kulilalia.

Nina habari za tangu mlipoondoka.

Vifaa vya masikio vilifika wiki iliyopita. Yule daktari wa masikio uliyenikokota kwake kama mbuzi alinivalisha mwenyewe, viwili, vya rangi ya maharagwe, vinakaa nyuma ya sikio. Nilitoka hospitalini nikasimama kwenye ngazi nikashindwa kutembea. Viatu vya watu vina kelele. Hakuna aliyewahi kuniambia. Toroli la mashuka linalia kama paka aliyekanyagwa, na miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa nalipokea kwa tabasamu. Nimelipaka mafuta.

Muuguzi mkuu nilimkuta anahesabu. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga hotuba nzima. Nikamwambia, "Bibi, kuna jambo sijakueleza." Akanitazama masikio, akaendelea kuhesabu mpaka mwisho wa rundo, ndipo akasema, "Unafikiri kwa nini nakuandikia vikaratasi vya maagizo kila wiki? Mwandiko wangu ni mbaya, siandiki kwa kupenda." Kisha akanidai shuka moja pungufu. Kazi ipo vile vile. Ile ramani niliyoiunguza bado anaikumbuka, na amesema waya haukuwa na shoti.

Wale wasichana nao walijua. Ile taa ndogo waliyoifunga juu ya presi, ambayo mimi nilidhani ni ya urembo, inawaka presi ikifunga. Walichanga wenyewe wakamlipa fundi umeme baada ya siku ya shuka. Nilipowauliza kwa nini hawakuniambia, mkubwa wao akajibu, "Mama, tulikuambia. Ukasema ndiyo ndiyo, na huko pia." Sasa nawasikia wanavyoimba na ile redio. Hawajui kuimba kabisa. Siku ya kwanza nilivivua vile vifaa nikaviweka mfukoni, siku ya pili nikajikaza. Wanacheka sana, Kurwa. Na sio mimi wanayemcheka. Hilo lilikuwa linanisumbua kuliko nilivyokuwa nakubali.

Sasa kuhusu simu ya Jumapili. Najua ulikata ukiwa umeudhika, umedhani nimechoka na mazungumzo. Uliongea, mimi nikawa nimekaa kimya, ukauliza mara tatu kama nipo. Nilikuwepo. Nilikusikia kila neno, mpaka kijiko chako kwenye kikombe.

Ni hivi. Katika miaka hii yote barua zako nilikuwa nazisoma kwa sauti yako. Ile ya zamani, ya kuita watoto watoke uwanjani, kali na laini humo humo. Ulipokuja Agosti nilikuona umezeeka, hilo halikunisumbua, na mimi nina kioo. Ila kichwani bado ulikuwa unaniongelesha na ile ile. Jumapili nikanyanyua simu, nikasikia bibi mmoja anasema, "Doto? Ni mimi." Sauti imepasuka pembeni, inapumua katikati ya maneno. Nikataka kuuliza, "Wewe nani?" Ukacheka kidogo, na katika kile kicheko nikakutambua. Ndipo nikanyamaza. Wewe na mimi tulizaliwa asubuhi moja. Ikiwa hiyo ndiyo sauti yako, basi na yangu ndiyo hiyo, na watu wote wameshaisikia isipokuwa mimi.

Nilipoweka simu chini nilikwenda nyuma kwenye kamba za mashuka, pasipo na mtu. Nikasema jina langu kwa sauti. Nikasema na lako. Nikasikiliza.

Si sauti mbaya. Nipigie tena Jumapili. Nikikaa kimya usikate, endelea tu kuongea.

Doto